Barua ya wazi: Tuonyesheni mkataba kabla ya kukabidhi funguo

Kwa:
Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)
Mkurugenzi, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa
Mwenyekiti, Kamati ya Bunge ya Miundombinu

YAH: MIKATABA YA MAWASILIANO, YA ZAMANI NA YA SASA, IWEKWE HADHARANI

Waheshimiwa,

Kwa umri wengi wenu ni wanangu, kwa hiyo marahaba mapema. Kwa cheo ni wakubwa zangu, kwa hiyo nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni mstaafu wa Posta na Simu. Nilikaa kwenye meza ya teleksi, mashine ya kutuma ujumbe wa maandishi kwa laini ya simu, miaka mingi, hapahapa katikati ya jiji, na kabla ya hapo nilihesabu maneno ya telegramu dirishani. Sidai kiinua mgongo katika barua hii. Hilo lina barua zake.

Ninachoomba ni kwamba mkataba wowote unaotoa huduma ya mawasiliano ya umma kwa kampuni usomwe na wananchi kabla haujasainiwa, na ile ya zamani ambayo matokeo yake tungali nayo ifunguliwe. Sisemi kwamba upo mmoja mezani kwenu asubuhi hii. Nasema Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ilifanyiwa marekebisho 2023, wawekezaji wanaalikwa kila kukicha, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ile njia kuu ya nyaya inayobeba intaneti nchi nzima, ni mali nono ambayo yeyote mwenye akili ya biashara angeitamani. Huyo atakayekuja, msije mkatuambia habari zake akiwa tayari ameshika funguo.

Haya mambo yalishatukuta, tena zamani, wakati hata wa kumuuliza hatukuwa naye.

Mji huu unajua bei ya mawasiliano kuliko miji mingi. Tarehe 8 Agosti 1914, siku nne tu baada ya Uingereza kuingia vitani, manowari yao HMS Astraea ilisimama nje ya bandari ya Dar es Salaam ikapiga mizinga, na shabaha yake ilikuwa mnara wa simu ya upepo, yaani ya kutuma ujumbe bila waya, wa Wajerumani. Haikuanza na ikulu wala ghala la silaha. Mwingereza alijua kwamba Mjerumani wa Dar es Salaam akinyamazishwa, meli zake baharini zinakuwa vipofu. Basi msimwone mtu akizungumzia mkongo na minara mkadhani anazungumzia nyaya na vyuma.

Vita vikaisha, Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza kwa dhamana ya Ushirika wa Mataifa, na teknolojia ikabadilika ghafla. Hadi hapo mawasiliano ya mbali yalipita kwenye kebo za chini ya bahari. Kebo kubwa ya pwani yetu, iliyotoka Aden ikapita Zanzibar kwenda Msumbiji hadi Durban, ilitandazwa 1879 na kampuni binafsi ya Kiingereza, na sisi wa bara tuliunganishwa nayo kwa kipande cha kuvuka maji kwenda Zanzibar tangu enzi za Mjerumani. Kisha ikaja mitambo ya kampuni ya Marconi ya masafa mafupi, inayorusha mawimbi kuelekea upande mmoja kama mwale wa tochi. Kati ya 1926 na 1927 Uingereza ikaunganishwa kwa mitambo hiyo na Kanada, Australia, Afrika Kusini na India. Ilitumia umeme kidogo, ilijengwa kwa sehemu ndogo ya gharama ya kebo, na kwa upande wa Uingereza iliendeshwa na Posta, yaani serikali. Wateja wakahama makundi kwa makundi. Kampuni za kebo zikaanza kusema zitafunga biashara na kugawana kilichobaki.

Hapo ndipo penye somo, na naomba mnivumilie nilikalie kidogo.

Mwaka 1928 uliitishwa mkutano London, wa Uingereza na himaya yake, kuamua la kufanya. Wanajeshi hawakutaka kebo zife, kwa sababu wimbi la hewani hunaswa na yeyote mwenye mtambo, ila kebo iliyo chini ya bahari siyo rahisi kuidukiza. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini dawa iliyotolewa iliwaacha hoi hata Waingereza wenyewe, chama cha wafanyakazi wa Posta na wabunge wa Labour wakapiga kelele. Kampuni za kebo na biashara ya mawasiliano ya Marconi ziliunganishwa kuwa kampuni moja, Imperial and International Communications, iliyoanza kazi 1929, na mitambo ya serikali, ile iliyokuwa ikishinda sokoni, ikapangishwa kwa kampuni hiyo kwa miaka 25 kwa pango la pauni 250,000 kwa mwaka. Ni sawa na mtu mwenye duka linalouza, jirani yake anafilisika kwa sababu wateja wamehamia kwake, kisha anampangishia jirani duka lile ili jirani asiaibike.

Mkataba ulikuwa na kipengele kitamu cha kuonyesha watu. Kampuni iliwekewa kiwango cha mapato ya kawaida, pauni 1,865,000 kwa mwaka, na ikizidisha hapo nusu ya ziada itumike kupunguza bei kwa wananchi. Uzuri ulioje! Ila mdororo wa uchumi wa dunia ukaanza mwaka uleule wa 1929, mapato yakaporomoka, na nusu ya ziada ikawa nusu ya hewa. Aliyeandika kipengele hicho hakudanganya hata neno moja. Nimeona vipengele vya namna hiyo maishani mwangu, na nyinyi mmeviona vingi kuliko mimi.

Kampuni ilipobanwa, ilirudi kwa serikali. Mwaka 1934 ilibadili jina ikawa Cable and Wireless. Mwaka 1938 serikali ya Uingereza ikafuta lile pango na kuiachia mitambo iwe mali yake kabisa, kwa malipo ya hisa milioni 2.6 kati ya milioni 30. Kilichoanza kama kupangisha kwa miaka 25 kiligeuka kuwa kutoa moja kwa moja, kabla hata ya mwaka wa kumi kutimia. Pamoja na hayo wakatangaza bei moja ya himaya nzima, shilingi moja na peni tatu za Kiingereza (peni 12 ni shilingi) kwa kila neno, na magazeti ya London yakaweza kuiita zawadi. Hebu tupige hesabu ya kwetu. Maneno ishirini kutoka Dar es Salaam kwenda London ni shilingi 25. Vibarua wengi wa mkonge hawakuzipata hizo hata baada ya kumaliza kipande cha siku 30.

Na sisi tulikuwa wapi wakati wa mazungumzo yote hayo? Iliundwa kamati ya ushauri ya kuiangalia kampuni, ambako Kanada, Australia, Afrika Kusini, India na wengineo walikuwa na wajumbe wao. Makoloni na nchi za dhamana zilirundikwa kwenye kapu moja na kusemewa na London. Katika Afrika Mashariki kazi ikagawanyika hivi: mawasiliano ya ndani, yale ya kuvuta waya porini kilomita mia tano ili kumfikia bwana shauri mmoja na maduka mawili, yakabaki kwa Posta ya serikali, ambayo 1933 iliunganishwa kwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Mawasiliano ya nje, yenye wateja wa mkonge, kahawa, mabenki na meli, yakawa ya kampuni. Nyama kwa mmoja, mifupa kwa mwingine. Mgawanyo huo mkiuona tena kwenye rasimu yoyote ya mkataba, hata ukiandikwa kwa lugha ya leo ya ufanisi na tija, simamisheni kikao.

Kuna jambo linanikera hadi leo. Kwa kuwa Tanganyika haikuwa koloni kamili bali nchi ya dhamana, Mwingereza alilazimika kuandika taarifa kila mwaka kwenda Geneva, makao ya Ushirika wa Mataifa, kueleza anaiendeshaje. Mkoloni, pamoja na yote, alikuwa na mtu wa kumwandikia.

Sehemu iliyobaki ya hadithi hiyo ni ya kuchekesha kama siyo ya kuuma. Baada ya Vita vya Pili nchi kubwa za himaya zilichukua huduma zao za nje zikazifanya mali ya umma. Tarehe 1 Januari 1947 serikali ya Uingereza nayo ikaitaifisha Cable and Wireless. Lakini kwa makoloni kampuni iliendelea na kazi kama kawaida. Kwa hiyo simu ya mfanyabiashara wa Kariakoo kwenda Bombay ilikuwa ikipita kwenye kampuni ya serikali, ila serikali yenyewe ni ya Uingereza. Mwaka 1981 Waziri Mkuu Thatcher akaanza kuiuza tena kwenye soko la hisa. Ikatoka kwa matajiri, ikaenda kwa serikali, ikarudi kwa matajiri, yote hayo ndani ya London, na sisi katika awamu zote tatu tulibaki na risiti.

Tulipopata Uhuru hatukuamka asubuhi yake na mitambo mikononi. Mwaka 1964 iliundwa kampuni ya Afrika Mashariki ya mawasiliano ya nje, Extelcoms, na Cable and Wireless iliendelea kushika hisa ndani yake. Mkipita Barabara ya Samora mtaliona jengo la Extelecoms House, bado linaitwa hivyo, na vijana wanaoingia kwenye ofisi zake hawana habari jina limetoka wapi. Lile la Zanzibar, la watu wa kebo pale Shangani, siku hizi ni hoteli ya kitalii. Mtambo mkubwa wa satelaiti ulijengwa Longonot, Kenya, 1970, kwa faida ya wote. Jumuiya ilipovunjika 1977 mtambo haukuvunjika, ulibaki pale ulipo, na sisi tukaanza kuhangaika kujenga wetu Mwenge. Sikumbuki mwananchi wa kawaida aliyewahi kuelezwa kwenye mkataba ule kuna mstari gani unaosema watu wakiachana nani anachukua nini.

Niwaambie kidogo kazi yenyewe ilivyokuwa, maana wengine mmeikuta intaneti imeshalala kwenye simu zenu. Teleksi ya nje ililipiwa kwa dakika, na za mwanzo tatu zililipwa hata kama umetumia moja. Basi hatukuandika moja kwa moja hewani. Kwanza opereta alipiga ujumbe kwenye mashine inayotoboa utepe wa karatasi, matundu hadi matano kwa kila herufi, utepe unashuka chini ya meza unajikunja kama nyoka. Unausoma kwa vidole, ukiona kosa unarudisha nyuma na kutoboa matundu yote matano juu ya herufi ile ili ifutike. Mteja wa korosho yuko nje ya kaunta, anaangalia saa ya ukutani, bei ya Cochin, India, inabadilika. Ukimpata mwenzako wa upande wa pili, anajibu kwa alama yake, ndipo unaachia utepe upite wote kwa mkupuo mmoja. Kila sekunde iliyookolewa ilikuwa fedha ya kigeni. Nasimulia haya ili muelewe kwamba sisi tuliokuwa kwenye vyumba vile tulijua hesabu hadi ya tundu la karatasi. Tusichokijua ni nani hasa, kwa mkataba gani, na hadi lini, alikuwa akipokea sehemu ya zile dakika tatu. Hakuna aliyetuonyesha, na aliyeuliza aliambiwa afanye kazi yake.

Sasa tuje karibu zaidi.

Mwaka 1993 sheria ilipitishwa, Posta na Simu ikagawanywa, na TTCL ikazaliwa. Februari 2001 asilimia 35 ya hisa zake, pamoja na madaraka ya kuiendesha, zilikwenda kwa ubia wa kampuni mbili, MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani, kwa bei iliyotangazwa ya dola milioni 120. Zililipwa kwanza dola milioni 60, na zilizobaki zikazaa mvutano wa miaka kuhusu hesabu za TTCL. Mwaka huohuo ndani ya ubia huo ikazinduliwa kampuni ya simu za mkononi, Celtel, na 2005 ikatenganishwa na TTCL. Celtel ikawa Zain, Zain ikawa Airtel. TTCL ya simu za mezani ikabaki na nguzo, nyaya zilizokatwa na wezi wa shaba, na wastaafu.

Mnaona mgawanyo ule wa nyama na mifupa? Mimi nauona.

Mwaka 2016 Serikali ilinunua tena zile asilimia 35 kwa shilingi bilioni 14.9, jambo ambalo nililishangilia. Desemba 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba Airtel ni mali ya TTCL, akaagiza uchunguzi. Mwaka 2019 yakafikiwa makubaliano, hisa za Serikali ndani ya Airtel Tanzania zikapanda kutoka asilimia 40 hadi 49. Watu walipiga makofi, nami nilipiga. Lakini baada ya makofi nilijiuliza, na sasa nawauliza nyinyi: inakuwaje Rais wa nchi, miaka kumi na sita baada ya mkataba kusainiwa, alazimike kuagiza uchunguzi ili ijulikane kampuni ya simu ni ya nani? Kama yeye ilibidi atafutiwe jibu, mkulima wa Mkuranga ataulizia wapi? Simtuhumu aliyesaini wala aliyenunua. Ninachosema ni kwamba mkataba ule ungekuwa umebandikwa ubaoni 2001, mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili wa sheria pale Mlimani angeweza kuwajibu kabla ya chakula cha mchana.

Najua mtakachoniambia. Kwanza mtasema huyu mzee hapendi sekta binafsi. Si kweli. Nakumbuka vizuri foleni ya kuomba simu ya mezani, mtu anajaza fomu mtoto wake akiwa chekechea na laini inafika mtoto akiwa sekondari. Kampuni za simu zilipoingia ndipo mama ntilie naye akawa na namba yake. M-Pesa ilipoanza hapa 2008, dada yangu aliacha kumpa dereva wa basi bahasha ya ada. Sina hamu ya kurudi tulikotoka.

Pili mtasema mikataba ina siri za biashara. Sawa, ifutwe kwa wino mweusi mistari ya bei za vipuri na majina ya wauzaji. Lakini muda wa mkataba si siri ya biashara. Nani anarithi mitambo muda ukiisha si siri ya biashara. Kiasi gani kinaingia Hazina, kijiji gani kifikishiwe huduma na mwaka gani, nani anamfukuza nani akishindwa kazi, hayo ni mambo ya mwenye mali, na mwenye mali ni huyu anayeitwa mwananchi kwenye hotuba. Mbona sheria ilizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa kwa umma? Vodacom iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 2017, hisa moja iliuzwa shilingi 850, na tangu hapo hesabu zake zinachapishwa kila mwaka, hata muuza madafu pale Posta Mpya akitaka anazisoma. Haikufa kwa kusomwa.

Tatu, na hii ndiyo hoja inayosemwa kwa sauti ndogo, mtasema wananchi wakisoma wataleta kelele. Ndiyo, wataleta. Juni 2023 mkataba wa bandari baina ya Serikali yetu na Dubai ulipofika bungeni, nchi nzima iligeuka wanasheria. Kwenye daladala ya Mbagala niliwasikia vijana wakibishana kuhusu ibara kwa namba zake, mmoja anashusha nakala kwenye simu, konda anadai nauli hapewi. Yalisemwa ya maana na yalisemwa ya ovyo, na mengine ya kuudhi. Moja ya hoja kubwa ilikuwa ukomo. Mikataba iliyosainiwa na DP World, kampuni ya Dubai, Oktoba mwaka huo ikatangazwa kuwa ya miaka 30, na utendaji kupimwa kila baada ya miaka mitano. Mtu anaweza kuniambia hivyo ndivyo ilivyokuwa imepangwa tangu mwanzo. Mimi nasema kelele zilisaidia, na kama mikataba ya Oktoba nayo ingewekwa wazi yote kama ule wa Juni, kelele zingekuwa pungufu.

Kinyume chake tunacho pia. Maji ya jiji hili yalikabidhiwa kampuni ya City Water 2003 kwa mkataba wa miaka kumi. Mei 2005 ukavunjwa, na kesi zikafuatia nje ya nchi. Ndoo tuliendelea kubeba.

Sasa kuhusu nyaraka. Mkurugenzi wa Kumbukumbu, hapa nazungumza na wewe hasa. Mafaili ya serikali ya Tanganyika yako mikononi mwenu pale Upanga, na ya mawasiliano yamo. Kumbukumbu kubwa ya kampuni yenyewe, Cable and Wireless, imehifadhiwa Porthcurno, kijiji cha pwani kule Cornwall, Uingereza, mahali kebo zao zilipotokea baharini, na wamepafanya makumbusho. Mwanafunzi wetu anayetaka kujua Dar es Salaam iliunganishwaje na dunia, na kwa masharti gani, itabidi aombe viza. Naomba mafaili ya posta, simu na simu ya upepo ya kati ya 1919 na 1964 yapigwe picha na kuwekwa kwenye tovuti, bila mtu kuhitaji barua tatu za utambulisho. Karatasi za miaka ile zinavunjika ukizigusa. Msingoje wafadhili wawaambie.

Mkataba wa 2001 ukiachwa hadi kanuni ya miaka 30 ya kufungua nyaraka, utafunguliwa 2031. Wengi wa waliokuwemo watakuwa wametangulia mbele ya haki, mimi nikiwemo pengine. Waziri, hilo unaweza kuliharakisha kwa kalamu yako. Ubia wenyewe umeshafungwa, hisa zimesharudi, mvutano umekwisha. Siri ya nini?

Na kwa ule ujao, kama upo au utakuwepo, wa mkongo, wa minara, wa masafa, wa kituo cha data, wa lolote lile la mawasiliano lililojengwa kwa fedha au mkopo unaolipwa na kodi zetu: rasimu iwekwe kwenye tovuti ya Wizara kwa Kiswahili, siku 60 kabla ya kusainiwa, na Kamati ya Miundombinu isikilize watu hadharani, Dar es Salaam na Dodoma na walau mkoa mmoja ambao mtandao wake ni wa kupanda juu ya mti. Kiswahili nimekitaja kwa makusudi. Mkataba wa bandari tuliusoma kwa kubahatisha tafsiri za mitandaoni, na nusu ya ugomvi ilitoka humo. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uulizwe mapema vijiji visivyo na faida vitabaki kwa nani, ili tusirudie habari ya nyama na mifupa.

TCRA, nyinyi mna kazi ya ziada. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kusini mwetu, na nchi ikazimika mtandao. Mpwa wangu ni wakala wa forodha. Jumatatu yake alikaa kwenye ngazi za ofisi pale mjini na mafaili mapajani, mfumo haufunguki, kontena la mteja linahesabiwa siku bandarini, na mteja yuko Lubumbashi anapiga simu kila nusu saa kutukana. Tulielezwa siku zile kebo zimekatika wapi. Hatukuelezwa waliopewa leseni ya kutuuzia intaneti wanabanwa na sharti gani la kuwa na njia mbadala, na wasipokuwa nayo wanalipa nini na kwa nani. Masharti ya leseni yachapishwe yote, kwa jina la kila kampuni, mteja ajue anachoahidiwa kabla ya kuanza kulaumu bahari.

Najua mna kazi nyingi. Mkaguzi Mkuu anatusaidia, kila Aprili ripoti yake ikitoka bungeni ndipo tunapata kujua mashirika yetu ya umma yanadai nini na yanadaiwa nini. Lakini Mkaguzi huja baada ya msiba. Mimi naomba kuitwa kwenye posa.

Majibu yenu myachapishe gazetini, si lazima mniandikie mimi. Kama mtaamua kuanza na jambo moja tu kati ya yote niliyoandika, anzeni na mkataba wa 2001, kwa sababu hauhitaji bajeti, mashine wala mshauri mwelekezi. Upo kwenye kabati la mmoja wenu. Akiutoa, mimi mwenyewe nitapanda gari la Simu 2000 nije pale Mawasiliano Towers kuusoma, na miwani nitakuja nayo.

Wenu mtiifu,
Mstaafu wa Posta na Simu
Temeke, Dar es Salaam

Nakala: Wahariri wa magazeti yote ya Kiswahili